Je, kubadili bwana ni uhuru?

Wapendwa wakatekumeni, mtu aliyetumikia lutuku akiiacha na kushika bangi, je, amekuwa huru? Amebadili bwana tu. Matt Talbot, kibarua wa Dublin, alianza kulewa akiwa kijana wa miaka kama 12. Mwaka 1884 alimwahidi padri kuacha pombe miezi mitatu, halafu maisha yote; baadaye akaacha na tumbako. Alikufa mwaka 1925 asiirudie.

Lakini msiseme: «Basi hata dawa tuikatae.» Sivyo! Mlevi wa siku nyingi akiacha ghafula aweza kutetemeka, kuanguka kifafa, hata kufa. Aende kwanza kwa mganga wa dispensari. Dawa yake hutolewa kwa kipimo, siku chache tu. Kisha mgonjwa ale vema, alale, na ndugu zake wasiweke kibuyu mbele yake.