Kufungua Kufuli Bila ya Ufunguo

Je, yafaa mtu kujiundia vijiti vya chuma vya kufungulia kufuli, akavisawazisha kwa tupa siku baada ya siku, kwa kujifurahisha tu?

Twasema: ustadi si aibu. Wahunzi wa Kikamba, Kitui na Makueni, walisifika tangu zamani kwa mikufu myembamba ya waya wa shaba. Mkono wenye subira hiyo una haki ya kujifunza. Na mwaka 1851, huko London, Mmarekani Alfred Hobbs aliifungua kufuli ya Bramah kwa kazi ya zaidi ya saa 50. Mafundi wakazinduka, wakatafuta iliyo imara zaidi.

Lakini kufuli humzuia asiyejua. Ajuaye hazuiwi na chuma tena, ila na uaminifu wake. Basi na aifungue kufuli yake mwenyewe. Mlango wa jirani ataupigia hodi kama sisi sote.