Diwani na Daftari

Msomaji wa mashairi akisikia neno diwani huona kitabu, kama ile Diwani ya Muyaka iliyohaririwa na Hichens na kuchapishwa 1940. Mkulima wa kahawa wa Igamba, wilayani Mbozi, akilisikia humwona mtu, yule anayechaguliwa kila baada ya miaka mitano kuiwakilisha kata katika halmashauri. Nyuma ya maana hizo mbili ipo nyingine, kongwe zaidi. Katika dola ya Khalifa Umar, karne ya 7, diwani ilikuwa daftari la majina ya wanaostahiki kulipwa na hazina, na kiasi cha haki ya kila mmoja. Haikuwa ya mwanasiasa wala ya mshairi. Ilikuwa ya karani.

Igamba ya leo, katika mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ina daftari lake pia. Katika Kamati ya Maendeleo ya Kata diwani ndiye mwenyekiti, na mtendaji wa kata, mwajiriwa asiyepigiwa kura, ndiye katibu. Vijijini ni vivyo hivyo: mwenyekiti amechaguliwa, mtendaji ameajiriwa, na wote hukaa meza moja. Nani amtii nani?

Ichukuliwe kuwa kijiji kinateua kaya za kupokea ruzuku ya TASAF, na mkutano mkuu umelipitisha jina la mjane fulani. Usiku anafika mtu na ujumbe mpole: mjane yule hakuwa mwenzetu wakati wa kampeni. Hapana amri, hapana kitisho. (Lugha ina kejeli yake: wazee wa pwani waliposema jambo lifanywe kwa siasa, walikusudia kwa upole na taratibu.) Kalamu imo mkononi mwa mtendaji.

Ni rahisi kujibu kwamba siasa zikae mbali na utawala. Lakini utawala usio na siasa umekwisha kuonjwa. Maakida wa Wajerumani, wengi wao watu wa pwani, walikusanya kodi bila kumwuliza mlipaji neno, wala hapakuwa na kura ya kuwaondoa. Hata orodha iliyo safi ni dhuluma ikiwa walioandikwa humo hawakushauriwa juu ya kanuni yake. Diwani ana haki ya kupigania kanuni hiyo: umaskini upimwe vipi, zahanati ijengwe kwanza au barabara. Hiyo ndiyo kazi aliyopigiwa kura. Haki yake hukoma pale kanuni inapokwisha kupitishwa na majina kuanza kuandikwa.

Mpaka huo umefifia kwa sababu zinazojulikana. Mwaka 1972 halmashauri zilivunjwa, zikarudi baada ya sheria za 1982. Katika enzi ya chama kimoja mkuu wa mkoa alikuwa pia katibu wa chama wa mkoa. Vyama vingi vilirudi 1992, lakini mazoea hayakufutwa kwa sheria. Mei 2019 Mahakama Kuu iliona kuwa kuwafanya wakurugenzi wa halmashauri wasimamizi wa uchaguzi kunakiuka Katiba. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Majaji hawakuafikiana; itakuwaje kwa kijana wa miaka ishirini na kitu aliyekabidhiwa muhuri wa kijiji?

Kijana huyo hana ngao kubwa. Mkurugenzi aliye juu yake ni mteule wa Rais, na uhamisho hauchelewi kufika kwa asiyependeza. Hata hivyo si kweli kwamba hana la kufanya. Anaweza kuomba ujumbe ule wa usiku uandikwe, utiwe saini, usomwe mbele ya mkutano uleule uliolipitisha jina. Asipotokea wa kuutia saini, siku ya malipo ifikapo amwite mjane kwa jina lake, kwa zamu yake, kama daftari linavyosema.