Barua Isiyo na Mwombaji

Kwenye matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kuna sharti ambalo waombaji wengi hulitimiza mwisho kabisa, wakiwa wameshachoka: kuambatisha barua ya maombi ya kazi iliyosainiwa. Cheti cha kuzaliwa kimeshagongwa mhuri wa wakili, vyeti vya shule vimeshaskaniwa, wadhamini watatu wameshapigiwa simu na kukubali. Imebaki barua, na barua ipo steshenari. Mwenye steshenari anafungua faili alilonalo siku zote, anabadilisha jina, tarehe na nafasi inayoombwa, anachapa. Mwombaji anasaini na kuipandisha kwenye mfumo.

Simlaumu mwenye steshenari, maana anafanya alichoombwa. Kinachoniuma ni kwamba katika karatasi zote zinazotumwa, hiyo ndiyo iliyoachwa kwa ajili ya mwombaji kujisemea kwa maneno yake. Cheti cha kidato cha nne kinasema yaliyoamuliwa na Baraza la Mitihani. Leseni ya udereva inasema yaliyoandikwa na Mamlaka ya Mapato. Barua tu ndiyo inayomsubiri yeye, naye kaikabidhi kwa faili la watu wote.

Hivi karibuni kijana mmoja wa mtaani kwetu, ambaye huniita shangazi ingawa hatuna undugu wa damu, alinijia na barua ya kuomba nafasi ya Dereva Daraja la II katika halmashauri moja.

"Shikamoo, shangazi. Naomba uniangalizie Kiswahili chake kabla sijaituma."

Kiswahili hakikuwa na kasoro. Anwani yake ilikuwa juu kulia, ya mwajiri kushoto, YAH kwa herufi kubwa na mstari chini yake, kama tunavyofundishwa sekondari. Halafu ikaanza: husika na kichwa cha habari hapo juu, mimi ni kijana wa Kitanzania, mwaminifu, mchapakazi, mwenye uwezo wa kufanya kazi katika mazingira yoyote na muda wowote. Aya ya pili ilieleza dhiki ya nyumbani kwao. Ya tatu iliomba apokewe kwa mikono miwili.

Nikamwambia anisomee tangazo lenyewe, lilikuwa kwenye simu yake. Matangazo ya nafasi hii hufanana nchi nzima: mwombaji awe ameendesha gari kwa muda usiopungua mwaka mmoja bila kusababisha ajali, kazi zake ni kukagua gari kabla na baada ya safari, kufanya matengenezo madogo madogo, kuandika safari zote kwenye daftari la safari, kusambaza nyaraka, kulifanyia gari usafi. Akasoma haraka haraka kama mtu anayeyajua. Nikamrudisha kwenye mstari mmoja mmoja.

"Ulipokuwa unaendesha lile gari la shule, oili na maji nani alikuwa anaangalia asubuhi?"

"Mimi mwenyewe, shangazi. Saa kumi na moja nimeshafungua boneti."

"Na safari mlikuwa mnaziandika?"

"Mwenye gari hakuwa na utaratibu huo. Nilinunua daftari langu, nikawa naandika kilomita na mafuta, kwa sababu kila mwisho wa mwezi tulikuwa tunagombana kuhusu mafuta."

"Ajali je?"

"Hakuna. Miaka miwili, watoto asubuhi na jioni."

Katika hayo yote, hakuna hata moja lililokuwemo kwenye barua. Nilipomuuliza kwa nini, akanishangaa: "Si mambo ya kawaida tu hayo?"

Najua jibu hilo linatoka wapi. Tumelelewa tusijisifu, na ni malezi mema, sitaki yapotee. Lakini tazama yanavyotugeuka. Kijana anaogopa kusema aliandika kilomita kwenye daftari kwa miaka miwili, akiona ni kujikweza, kisha anajiita mwaminifu na mchapakazi bila kuonyesha lolote la kuthibitisha. Lipi kati ya hayo mawili ndilo kujisifu? Daftari ni taarifa. Linaweza kuulizwa, linaweza kufunguliwa mezani siku ya usaili. "Mchapakazi" amejiita kila mtu aliyetuma maombi siku ile, wakiwemo wavivu.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeandika ni mfupi. Weka tangazo mbele yako, na kila kazi iliyotajwa jiulize umewahi kuifanya wapi, lini, kwa nani. Kilichopo kiandike, kisichopo usikibuni, kwani usaili wa dereva una vitendo, na usukani haudanganyiki. Ukurasa mmoja unatosha. Tangazo likiruhusu Kiswahili au Kiingereza, chukua lugha ambayo ukiulizwa swali la ghafla utalijibu bila kutetemeka.

Tulipofika kwenye aya ya dhiki, tulibishana. "Lakini ni kweli, shangazi. Mama anaumwa, na wadogo zangu wananitegemea mimi." Ni kweli, nayajua maisha yao. Lakini afisa utumishi ana mafaili ya watu wenye mama wanaoumwa, na hana mizani ya kupimia dhiki ya nani imezidi. Hata angekuwa nayo, nisingetaka huyu kijana aipate kazi kwa njia hiyo. Anayeajiriwa kwa kuhurumiwa anaingia kazini akiwa na deni. Siku atakapopewa gari lenye tairi zilizoisha na kuambiwa apeleke watumishi kijijini usiku, mdomo utamwia mzito, kwa sababu alifadhiliwa. Ninataka aingie kama mtu aliyeleta kitu halmashauri ikakihitaji, ili siku hiyo aweze kusema, "Mkuu, gari hili haliendi."

Alinyamaza kidogo, kisha akaifuta aya ile yote. Nafasi iliyobaki akaandika habari za daftari, boneti na miaka miwili ya watoto asubuhi na jioni, kwa maneno yake, na sentensi moja nilitamani kuinyoosha lakini nikaiacha kama alivyoiweka. Kesho yake alirudi steshenari ileile kuichapa, akasaini, akaituma. Sasa anasubiri kama ataitwa kwenye usaili, na nimemwambia waziwazi kwamba barua nzuri haimpi mtu kazi pale nafasi ni chache na waombaji ni wengi. Akikosa safari hii, matangazo mengine yatatoka, na daftari bado analo.