Je, Mwenda Polepole ni Mwoga?

Watu wengi hudhani ya kuwa jambo likiisha kujulikana kuwa lina madhara, mwenye akili huliacha siku ile ile. Mwizi na arudishe mali ya watu. Ya nini kungoja kesho? Katika mambo mengi neno hili ni la kweli. Lakini liko jambo ambalo, mtu akilifuata neno hili, aweza kufa. Nalo ni kuacha dawa ya kutuliza iliyomezwa muda mrefu. Basi yatupasa kuuliza: mtu aiachaye dawa hiyo kidogo kidogo, je, ni mwoga?

Tuitaje kwanza dawa yenyewe. Diazepamu ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1963 na kampuni ya Hoffmann-La Roche kwa jina la Valium, baada ya kazi ya mtaalamu wa kemia Leo Sternbach. Dawa hii hutuliza hofu, huleta usingizi, huzuia degedege, tena hulegeza misuli iliyokaza. Kwa hiyo watu walioumia uti wa mgongo, na wengine ambao misuli yao hukakamaa kwa maumivu makali, huandikiwa dawa hii na daktari. Hawakuitafuta kwa siri. Waliipokea mchana kweupe, wakaimeza kwa saa walizoambiwa, na maumivu yakapungua.

Lakini siku zikipita nyingi, mwili huizoea. Ndani ya ubongo mna kitu cha asili kinachotuliza mishipa ya fahamu, nacho wataalamu hukiita GABA. Diazepamu hukitia nguvu kitu hiki. Ubongo ukiisha kusaidiwa hivyo muda mrefu, hupunguza jitihada yake wenyewe. Mfano wake ni watu wawili wachukuao gogo begani. Mmoja akitoka ghafula, gogo humwelemea mwenziwe, wala si kwa kuwa mwenziwe ni mvivu, bali kwa kuwa alikwisha kupima nguvu zake kwa mzigo wa watu wawili. Vivyo hivyo dawa ikikatwa mara moja, huja kutetemeka, jasho, kukosa usingizi, hofu kuu, na misuli hukaza kuliko zamani. Wengine huchanganyikiwa akili, au hupatwa na degedege, hata kufa.

Hapa twaona neno la kwanza: mwili kutegemea dawa si hatia. Mraibu huitafuta dawa kwa tamaa, huiongeza bila ruhusa, huacha kazi na jamaa zake kwa ajili yake. Lakini utegemezi wa mwili huweza kumpata hata mtu aliyeimeza kama alivyoagizwa, asizidishe kidonge kimoja. Kumwita huyu mlevi ni kumsingizia. Tena aibu hiyo yaweza kumdhuru, maana mwenye aibu hutaka kumaliza upesi ili watu wasimwone.

Neno la pili ni juu ya mwendo wenyewe. Katika mji wa Newcastle, huko Uingereza, profesa Heather Ashton, aliyefariki mwaka 2019, aliendesha kliniki ya watu waliotaka kuacha dawa za namna hii tangu mwaka 1982 hata 1994. Aliwafundisha kupunguza kama sehemu ya kumi ya dawa kila baada ya juma moja au mawili, kwa mwendo ambao mgonjwa mwenyewe aliweza kuuchukua. Mwongozo wa wataalamu wa Marekani wa mwaka 2025 wazidi kuwa wa taratibu: wasema kwa kawaida ipunguzwe sehemu 5 hadi 10 katika 100 kila baada ya majuma 2 hadi 4, wala isipite sehemu 25 katika 100 kwa majuma 2.

Na tuitazame hesabu hii. Mtu amezaye miligramu 20 kwa siku akipunguza 2, amepunguza sehemu moja katika kumi. Lakini afikapo miligramu 5, akiondoa tena 2, ameondoa sehemu mbili katika tano. Miligramu ni zile zile, bali pigo ni kubwa mara nne. Kwa sababu hii hatua za mwisho hazina budi kuwa ndogo kuliko za kwanza, na safari yote huweza kuchukua miezi mingi, hata mwaka na zaidi.

Labda mtu atasema, ‘Huku si kujidanganya? Kila siku asema anaacha, na kila siku anameza!’ Swali hili ni la haki, maana wako kweli wasemao polepole na kumbe hawaendi kabisa. Lakini mwenda polepole wa kweli hujulikana. Ana kipimo alichopatana na daktari wake. Ana daftari aandikamo siku, kiasi cha dawa na hali ya mwili. Ana mtu mmoja ajuaye habari zake zote. Hatua ikimshinda, husema wazi, akasimama pale alipo mpaka mwili utulie. Na kama ni lazima kurudi nyuma kidogo, hurudi kwa shauri la daktari, si kwa siri. Atupaye vidonge vyote kwa siku moja husifiwa na watu jioni ile. Huyu hana wa kumsifu, naye hushika neno lake mwezi baada ya mwezi. Twaona ushujaa wake ni mkubwa zaidi.

Mwenye ugonjwa wa misuli ana shida yake ya pekee. Akipunguza dawa na misuli ikakaza, hajui mara moja kama ni ugonjwa wa zamani unarudi au ni mwili unazoea upya. Hapa sharti kuwa na subira, na daktari atafute msaada mwingine, kama mazoezi ya kunyoosha viungo, au dawa nyingine. Walakini baklofeni pia, ambayo hutumika kwa misuli iliyokakamaa, haifai kukatwa ghafula. Tena si kila mtu apaswaye kuacha. Wako ambao kwao faida ya dawa yazidi madhara yake, na kuwalazimisha ni ukatili.

Neno la tatu lawahusu wengine. Mwaka 1988 madaktari wa Uingereza walionywa kwamba kwa hofu dawa hizi zitumike majuma 2 hadi 4 tu. Na mwaka 2020 serikali ya Marekani iliagiza onyo kali zaidi juu ya utegemezi. Maonyo haya ni mema. Lakini daktari aliyeandika dawa miaka mingi, kisha akaingiwa na hofu akafumba mkono siku moja, hakutii onyo hilo. Amemwacha mgonjwa peke yake chini ya gogo. Aliyemwingiza mtu katika njia yampasa kumsindikiza atokapo. Nao walio katika usharika wasimwambie mgonjwa, ‘Kama una imani, tupa vidonge.’ Imani haikumwamuru mtu kuuhatarisha mwili wa mwenziwe.

Basi, asomaye haya naye anameza dawa hii, asipunguze kwa shauri lake peke yake. Aende kwa daktari. Asiichanganye na pombe, wala na dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni ila daktari ajue, kwa kuwa pamoja zaweza kuzuia pumzi. Akishikwa na degedege au akichanganyikiwa, apelekwe hospitali mara moja. Nasi tulio karibu naye tusimwulize, ‘Je, hujamaliza bado?’ Tumwulize, ‘Hatua hii yaendaje?’ na tukae tumsikilize.