Mbeleko na Machela

Sisi walimu wa lugha tuna mazoea ya kudhani kwamba jambo likishapata jina, limekwisha kueleweka. Kwa hiyo daktari aliponiambia, miaka sita iliyopita, kwamba maradhi yanayonisumbua ni baridi yabisi, nilifarijika kidogo, kana kwamba jina ni nusu ya dawa. Baadaye niligundua kwamba jina lenyewe lina kasoro. Yabisi ni kitu kikavu na kigumu, na hapo neno halikukosea, maana kila alfajiri vidole vyangu huwa kama vijiti, na hupita saa nzima au zaidi kabla havijalainika. Lakini neno "baridi" limewapotosha wengi. Jirani hukushauri ujifunike blanketi na kujihadhari na ukungu wa vilima vya Kigali, na akikuona bado unaumwa hudhani umepuuza shauri lake. Ukweli ni kwamba baridi siyo iletayo ugonjwa huu. Ni kinga ya mwili iliyogeuka na kuushambulia utando wa ndani ya viungo; nayo huwapata hata vijana, na wanawake zaidi kuliko wanaume.

Sikusudii kuzungumzia tiba. Hiyo ni kazi ya waganga waliosomea. Swali langu ni la maadili. Mtu mwenye maumivu yasiyoonekana, tena yasiyokwisha, anastahili nini kutoka kwa wenzake? Na yeye anawiwa nini nao?

Hapa Rwanda tunalo jibu la kale, nalo limo katika neno la Kinyarwanda, ingobyi. Zamani, kabla ya magari kufika vilimani, mgonjwa alilazwa katika ingobyi, yaani machela, wanaume wakaiinua mabegani na wengine wakafuata nyuma ili kupokezana, hadi kwa mganga. Ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Kigezi huko Uganda, desturi hiyo ilizaa vyama vya majirani viitwavyo engozi, na hospitali ya Kisiizi ilipoanzisha mpango wake wa bima ya afya mwaka 1996, iliujenga juu ya vyama hivyo. Hapa kwetu bima ya afya ya jamii, ile tuiitayo mituweli, ilianza kwa majaribio katika wilaya tatu mwaka 1999. Nayo ina moyo ule ule: kila mtu hutoa mchango wake kabla hajaugua, ili atakayeugua asikose wa kumbeba.

Jibu hilo ni jema, wala silidharau. Hata hivyo, machela ilikusudiwa safari moja. Mgonjwa hufikishwa, akapona au akafa, na wabebaji wakarudi makwao. Safari ya mgonjwa wa viungo haina kituo cha mwisho. Nani atakubali kubebwa kila siku kwa miaka ishirini, na nani atambeba? Mwezi wa kwanza watu huja na uji, mwezi wa sita hutuma salamu, mwaka wa pili huuliza, "Bado tu?"

Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi, katika umuganda wa mtaa wetu, nilisimama kando huku jembe langu likiwa chini. Jirani mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Mwalimu huyu huchoshwa na kalamu tu." Watu wakacheka. Niliumia, lakini sikuweza kumlaumu sana. Jana yake aliniona nikipanda mlima wa Nyamirambo bila fimbo; angejuaje kwamba maradhi haya yana siku zake, na kwamba mwili uliopanda mlima jana unaweza kushindwa kushika kikombe leo? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliyepaswa kumwambia ni mimi, nami nilikuwa nimeficha kwa miaka miwili. Darasani niliwaita wanafunzi waandike ubaoni kwa niaba yangu, nikidai kuwa ndiyo mbinu mpya ya kufundishia! Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na jembe.

Kwa nini nilificha? Kwa sababu niliamini kwamba anayeomba msaada amekuwa mzigo, na kwamba mzigo hauna heshima. Imani hiyo ilianza kuvunjika kwenye benchi la kliniki. Mama mmoja muuza mboga aliniona nikishindwa kufungua chupa ya maji. Hakunifungulia. Alinionyesha namna ya kukizungusha kifuniko kwa kiganja na kitambaa, bila kuvitesa vidole, kisha akaniuliza, "Mwalimu, asubuhi yako huisha saa ngapi?" Katika miaka miwili hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba kuna jambo la kuulizwa.

Siku hizi tuko sita. Tunachanga kidogo kidogo kwa njia ya upatu, au ikimina kama tuitavyo hapa, na mwenye siku nzuri humwendea sokoni mwenye siku mbaya. Mmoja wetu akiletewa majani ya kuchua, twamwambia achue akipenda, lakini asiviache vidonge vya daktari, kwani kiungo kikishaharibika hakirudi kilivyokuwa. Kwao nimejifunza kwamba asiyeumwa anaweza kukupa huruma, na huruma ni kitu chema. Ila aliyeumwa hukupa pia maarifa, tena hukuamini kabla hujajieleza.

Mchoraji Mfaransa Auguste Renoir, aliyefariki mwaka 1919, aliishi na ugonjwa huu kwa miaka mingi, hata vidole vyake vikapinda. Watu wa nyumbani mwake walimwekea brashi mkononi, na kuchora akachora mwenyewe. Huo ndio msaada ninaousema, na yule mama wa mboga alinitendea vivyo hivyo. Msaada ulio bora humwachia mgonjwa kazi yake.

Hapa mtu anaweza kunipinga. Atasema kwamba upatu huenda kwa zamu. Itakuwaje siku nitakapokosa cha kuchanga, wala nguvu za kumwendea mwenzangu? Pingamizi hilo lilinikosesha usingizi, na lugha ndiyo iliyonisaidia. Kiswahili kina maneno mawili: mbeleko ya mtoto na machela ya mgonjwa. Kinyarwanda kinalo moja tu. Ile ingobyi iliyombeba mgonjwa ni jina pia la ngozi ambayo mama alimbebea mtoto wake mgongoni. Mtoto aliye katika mbeleko hajachanga chochote, wala hakuna amwitaye mwombaji. Sote tulibebwa kwanza, tukabeba baadaye. Basi atakayebebwa tena hajaanza kudaiwa leo. Amerudi tu mahali ambapo sote tulianzia.

Mwezi uliofuata nilimwendea jirani yule nikamweleza yote. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema neno moja: "Ungesema." Alikuwa na haki. Jamii haiwezi kuubeba mzigo iliofichwa, na hilo ndilo deni langu kwake. Lakini jamii nayo ina deni: iwe mahali ambapo mtu anaweza kusema asichekwe.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, mkimwona mwenzenu anawaita wanafunzi kila siku waandike ubaoni, msiharakishe kusema kwamba ni mvivu. Mngojeni wakati wa mapumziko, mketi naye, mmuulize asubuhi yake huisha saa ngapi.