Baridi ya Usiku Ule



Wengi wetu twadhani Nchi Takatifu ni joto tupu. Sivyo. Mji wa Yerusalemu u milimani, karibu meta 750 juu ya bahari, na majira ya Pasaka hewa yake ni kigeugeu: leo upepo wa jangwani wakausha koo, kesho mvua na baridi. Ndiyo maana Yohana (18:18) ataja moto wa makaa uani kwa Kuhani Mkuu. Petro akasogea kuota, wala hilo si kosa kwa mtu anayetetemeka. Lakini moto ule ulikuwa wa waliomkamata Bwana wake. Mwingine hakuuona karibu. Wajane na vijana wa mtaa wetu waota wapi? Kwaresima hii tuwatembelee, nyumba kwa nyumba.