Shaba na Feleji

Mtoto wa dada yangu, aliyehamia Marekani zaidi ya miaka kumi iliyopita, amejiunga huko na watu wapendao kupiga shabaha kwa silaha za mtindo wa kale. Jioni moja alinipigia simu na kuniuliza jambo ambalo mwanzoni nililiona la kitoto. "Shikamoo, mjomba. Nimeona bastola mbili dukani, zimefanana kama shilingi kwa ya pili. Nichukue ipi?"

Mimi nimesomesha historia maisha yangu yote, na silaha sijapata kuishika. Nilimtaka anieleze.

Bastola hizo si za kale kwa umri wake. Ni nakala, na nyingi katika hizo huundwa Italia, katika bonde la Trompia na vitongoji vya Brescia, mahali ambapo mafundi wamefua mitutu kwa karne nyingi. Biashara hiyo ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950, Marekani ilipokuwa ikikaribia kuadhimisha miaka 100 ya vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe, vile vya 1861 hadi 1865. Kwa jinsi zinavyotumika, ni jamaa wa magobori waliyoyajua babu zetu: hutiwa baruti nyeusi, kidonge cha risasi kikashindiliwa juu yake, na fataki ikavikwa nyuma. Tofauti ni kwamba matundu ni sita, na huzunguka.

Lau angekuwa anachagua baina ya Colt na Remington, ningemwachia mwenyewe. Remington ina upapi wa chuma juu ya silinda, basi ni imara zaidi. Colt iko wazi kwa juu, na mtutu wake hushikiliwa na kabari. Hayo ni mambo ya fundi. Hata ule mtindo wanaouita "1858" umepewa mwaka wa hataza yake tu, kwani bastola yenyewe ilianza kutengenezwa 1863. Huo ni uongo mdogo, na wafanyabiashara wameishi nao.

Lakini bastola mbili za kijana wetu zote zilikuwa na jina moja, Navy ya 1851. Ya kwanza ilikuwa na kiunzi cha feleji na mtutu wa inchi 0.36, kama zilivyotoka kiwandani kwa Samuel Colt mjini Hartford. Ya pili, ya bei nafuu, ilikuwa na kiunzi cha shaba ya njano kinachometameta, na mtutu wa inchi 0.44. Shaba ni laini. Ukiizidishia baruti, kiunzi hulegea siku baada ya siku. Na ajabu yake ni kwamba bastola kama hiyo Colt hakupata kuiuza. Ni nakala isiyo na asili.

Shaba hiyo, basi, imetoka wapi? Imetoka Georgia. Samuel Griswold, mtu wa Connecticut aliyehamia Kusini, alikuwa na kiwanda cha mashine za kuchambulia pamba. Vita vilipozuka, feleji ikawa adimu, na kuanzia 1862 kiwanda chake kikawatengenezea majeshi ya Kusini bastola za kuigiza Colt, zenye kiunzi cha shaba. Zilitoka kama 3,700 hivi, zote za inchi 0.36, kabla wapanda farasi wa Kaskazini hawajakichoma kiwanda Novemba 1864. Mafundi wake walikuwa 24. Kati yao 22 walikuwa watumwa.

Nikimsomea hayo, kijana akanyamaza. Kisha akasema kwamba ipo na ya tatu, nakala halisi ya hiyo ya Griswold, nayo inauzwa.

Wapo watakaosema kwamba chuma hakina dhambi, na fundi wa Brescia hulipwa ujira wake. Ni kweli, na hoja hiyo siidharau. Lakini mnunuzi wa nakala hanunui chuma kitupu. Angetaka chombo cha kutoboa karatasi tu, angepata kilicho bora na kisichomchafua mikono kwa masizi. Anachokilipia ni nasaba. Ndiyo maana mtengenezaji huchora juu ya silinda vita vilevile vya majini vya Texas vya 1843 alivyovichora Colt. Nasi katika mirathi zetu tunajua kwamba deni la marehemu hulipwa kabla warithi hawajagawana. Anayetaka fahari ya asili na kulikana deni lake ni mrithi aliyeingia nyumbani kwa dirishani.

Kwa kipimo hicho, iliyo mbaya kuliko zote kwangu si ile ya Griswold. Ni ile ya inchi 0.44, ambayo haikuwa ya Kaskazini wala ya Kusini: imechukua mng'aro wa kazi ya watu 22, ikaubandika jina la Hartford, ili mnunuzi asiwe na la kuuliza.

Wala nisijifanye hakimu wa mbali. Mkataba wa biashara baina ya Sayyid Said na Marekani ulitiwa saini 1833, na kitambaa cha merikani, ambacho jina lake bado limo vinywani mwetu, kilifumwa Massachusetts kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa Kusini na kuchambuliwa kwa mashine za namna aliyokuwa akiziuza Griswold. Kilifika Unguja, kikavushwa bara, kikabadilishwa kwa pembe za ndovu na kwa watu. Uzi ule ulishonwa pia nguo za kwetu. Sijui ni wangapi katika wasomaji wa kurasa hizi wanaolifikiria hilo waonapo merikani dukani. Mimi mwenyewe nilikuwa silifikirii.

Nilimshauri achukue ya feleji, ya inchi 0.36, kwa kuwa ndiyo iliyo kweli na nyepesi kwa dhamiri. Akaniitikia kwa adabu, kisha akanunua ile ya Griswold. Nilikasirika, nami sikumficha. "Mjomba," alinijibu, "uwanjani wote wananiuliza kwa nini ya kwangu ni ya shaba. Nami huwaambia wale ishirini na wawili."

Nilimuuliza wanasema nini akishawaambia. Akasema wengine huendelea kusafisha mitutu yao. Mmoja, mzee, alimwomba aishike, akaigeuzageuza, akaiweka mezani polepole.